Suruali Iliyobana Mguu Mmoja

Baba yangu ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndicho kiwanda chake. Kuna meza ya kukatia, kuna pasi, kuna kioo kirefu cha wateja, na ukutani kuna bango aliloliandika mwenyewe: "Nguo ya haraka hukimbia na mshono wake." Mama anaoka mikate katika tanuri la mtaa wa nyuma. Yeye husimama kutwa. Baba hukaa kutwa. Mama husema wakijumlishwa wawili hao, anapatikana mtu mmoja mwenye afya.

Mimi ni binti yao wa pekee. Nasoma shule ya bweni. Nyumbani wananiita Chokochoko, na jina hilo sikulipata kwa bahati mbaya. Nitaeleza makosa yangu mawili tu, yale yanayohusu habari hii. Nitayaeleza kwa adabu, kama mtu aliyesimama mbele ya mwalimu wa zamu.

Kosa la kwanza nililifanya likizo iliyopita. Mama alikuwa na gauni la kutokea alilolipenda sana. Kila Jumamosi nililichukua kwa siri, nikaingiza mshono wa kiuno upana wa punje ya mchele. Wiki ya tatu Mama aliacha sukari. Wiki ya nne alianza kuuzunguka mtaa mara mbili kila asubuhi, huku mimi nikimtia moyo kutoka mlangoni. Baba ndiye aliyegundua. Aligeuza gauni ndani nje, akautazama mshono, akasema umepinda kama njia ya mbuzi, na kwamba katika nyumba hii anayeshona hivyo ni mmoja tu, naye si fundi.

Kosa la pili lilikuwa fupi zaidi. Nilikata sentimita mbili za mwanzo wa futi ya kupimia, kisha nikakibandika kile kibati cha ncha mahali pake. Siku hiyo hiyo kinyozi wa mlango wa pili, tunayemwita Mkasi, alishonewa suruali kwa vipimo vyake vya zamani vilivyokuwa daftarini. Suruali hiyo iligoma kupita mapajani. Futi ilitupwa. Imani ya Baba kwangu ilitupwa pamoja nayo.

Basi likizo hii nilirudi nimetubu. Niliamua kuwa mtoto mwema, na wema wangu nilimwelekezea Baba.

Alikuwa na kazi nyingi. Shule ya jirani ilikuwa imemwagiza sare mia moja na ishirini, na shule ilikuwa karibu kufunguliwa. Pia alikuwa na furaha, kwa sababu cherehani yake ilikuwa imefungwa mota. Kwa miaka kumi na minane Baba alikuwa ameiendesha kwa miguu. Miguu yake yote miwili ilikuwa juu ya kanyagio, ikipanda na kushuka kutwa nzima kama watu wanaotwanga. Sasa alibonyeza kidogo tu kwa mguu wa kulia, na cherehani ikakimbia yenyewe. Mguu wa kushoto haukuwa na kazi tena. Aliukunja chini ya kiti.

"Huu umestaafu," aliniambia, akiupigapiga pajani. "Umefanya kazi ya kutosha. Uache upumzike."

Alikaa kitini tangu chai ya asubuhi hadi jua kuzama. Akitaka uzi, nilimletea. Akitaka chaki, nilimletea. Pasi, mkasi, maji, chakula, vyote nilivipeleka mpaka mkononi mwake. Nilikuwa mtoto mwema kiasi kwamba Baba hakuwa na sababu ya kunyanyuka.

Ijumaa ya wiki ya pili aliniita.

"Chokochoko, umeanza lini safari hii?"

"Kuanza nini, Baba?"

"Suruali yangu. Mguu wa kushoto unanibana. Wa kulia haunibani."

Nilimwambia sijaigusa. Nikaapa. Alinijibu kwamba viapo vyangu anavifahamu, kwani aliviona vikizaliwa. Kisha alibadilisha suruali, akaigeuza ndani nje, akaanza kuukagua mshono kwa ncha ya sindano. Aliukagua kwa muda mrefu. Ulikuwa umenyooka kama rula. Ulikuwa mshono wake mwenyewe, yeyote angeuona hivyo. Lakini Baba alikuwa ameshamjua mwizi kabla ya kwenda kwenye eneo la tukio.

Alitabasamu polepole. "Kumbe umejifunza," alisema. "Umenyooka kama wangu."

Nikaona fahari usoni mwake. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusifiwa kwa kazi safi, na kazi yenyewe sikuifanya.

Baba alifumua mshono, akaupanua, akashona upya. Jumapili suruali ikabana tena. Akafumua tena. Jumatatu nafasi ya kupanua ikawa imekwisha. Akavaa suruali nyingine, nayo ikabana palepale, mguu uleule. Alimwambia Mama, kwa sauti ya mtu anayemsifu adui yake, kwamba msichana huyu amefanya kazi kubwa kwa siku chache.

Jioni hiyo alivua soksi. Soksi ya kulia iliacha alama ndogo. Ya kushoto iliacha mfereji mzima kuuzunguka mguu. Akasema nimebadilisha lastiki. Mama alikuja na unga wake mikononi, akautazama mfereji huo, akacheka. Alisema miguu ya nyumba hii ni ya kuvimba. Yake huvimba kila jioni akitoka kwenye tanuri. Akiiweka juu ya mto, asubuhi imerudi kama ilivyokuwa.

Mguu wa Baba haukurudi asubuhi. Lakini hilo hakuna aliyeliuliza. Wote wawili walikuwa wanasubiri nikiri kosa.

Jumatano Baba alianza kuchechemea. Alisema kigimbi, yaani lile shavu la nyuma ya mguu, kimekaza kama ngozi ya ngoma. Kilimuuma kama misuli iliyokakamaa na kukataa kulegea. Hapo hata yeye alikubali kwamba sindano na uzi haviwezi kufanya hivyo. Alisema ni kiti. Akaweka kitambaa juu ya kiti, akaendelea kushona.

Mkasi alipita kuchukua shati lake, akamwona anavyotembea. Mkasi ni hodari wa kukanda. Amewahi kukanda shingo za wanaume wazima mpaka wakasinzia na sabuni mashavuni. Alimwambia Baba hilo ni jambo dogo. Saa kumi na moja atakuja na mafuta ya moto, ataukanda mguu mpaka ulainike kama unga wa Mama. Baba alimshukuru sana.

Mimi nikaanza kuogopa. Sikujua ninaogopa nini. Nilijua jambo moja tu ambalo wengine hawakulijua: mimi sikuwa nimefanya kitu. Na kama si mimi, basi kuna kitu kingine kilichokuwa kinaupunguza mguu wa suruali. Au kinauongeza mguu wa Baba.

Wakati wa chakula cha mchana nilichukua futi mezani, nikapiga magoti mbele yake, nikamwomba akunje suruali. Alikubali, akifikiri naleta ushahidi wa kujitetea. Nilipima kigimbi cha kulia. Sentimita thelathini na sita. Nikapima cha kushoto mahali palepale. Sentimita arobaini.

"Baba," nilisema, "suruali haikupungua. Mguu umeongezeka."

Alinitazama. Akaitazama futi. Akanitazama tena.

"Futi hii umeifanya nini?" aliuliza.

Basi nikakaa chini sakafuni. Mara moja katika maisha yangu nilikuwa nasema kweli, na sikuwa na wa kumpa. Ukweli wangu ulikuwa kama noti iliyochanika: ni halali, lakini kila unapoipeleka wanaigeuzageuza na kukurudishia.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni muuguzi. Watoto wa mtaa walimpa jina la Sindano, na tangu hapo hata wakubwa wanamwita hivyo. Mtaa mzima umewahi kumwonyesha mkono, na wengine wamemwonyesha zaidi ya mkono. Yeye na Mama huitana dada, kwa hiyo Baba ni shemeji yake, na humtania apendavyo. Nilimsubiri kwenye mlango wake mpaka alipotoka kazini. Nilimweleza yote haraka haraka, nikitarajia acheke.

Hakucheka. Aliuliza swali moja.

"Mguu mmoja, au yote miwili?"

"Mmoja. Wa kushoto."

Hakuingia hata ndani kwake. Alikuja nami na mkoba wake begani.

Tulimkuta Mkasi ameshakunja mikono ya shati. Mguu wa Baba ulikuwa umenyooshwa juu ya kigoda, na chupa ya mafuta ilikuwa inatoa mvuke katika bakuli la maji ya moto. Mama naye alikuwa amerudi, ameshika taulo.

"Mkasi, kaka yangu," alisema Sindano kwa upole, "weka chupa chini. Usiuguse mguu huo."

Mkasi alisema ni mafuta tu, hayana ubaya. Sindano akamjibu kwamba mafuta hayana kesi. Mikono ndiyo yenye kesi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma bila sababu inayojulikana, haukandwi mpaka ijulikane una nini.

Alipiga magoti, akaanza kazi. Alimuuliza Baba kama ameanguka au kuteguka. Hapana. Kama ameruka au kukimbia akasikia kitu kama kamba inakatika, kwa maana msuli wa kigimbi ukichanika nao huvimba. Baba alisema mara ya mwisho kukimbia alikuwa bado hajaoa. Sindano akauliza kama ana homa. Akamtenganisha vidole vya mguu kimoja kimoja, akichungulia katikati yake kama mtu anayetafuta sarafu.

"Unatafuta nini huko?" Baba aliuliza. Aliona haya.

"Mlango," alisema Sindano. "Ngozi ikipasuka hapa, au ukiwa na kidonda, vijidudu huingia. Mguu huwa mwekundu au mweusi kuliko kawaida, unawaka moto, na homa inakuja. Mlango sijauona. Hongera, shemeji, unaosha vidole."

Aliweka kiganja chake kwenye kigimbi cha kushoto, kisha cha kulia. Cha kushoto kilikuwa na joto zaidi. Alibonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi. Alipoondoa kidole, kishimo kilibaki. Kwenye mguu wa kulia hakikubaki.

"Sasa tupime," alisema.

Baba alimwonya. Alisema kila futi iliyomo ndani ya nyumba hii inatiliwa shaka, kwa sababu ya mtu fulani aliyesimama karibu na mlango.

Sindano aliichukua futi hiyo hiyo ya Baba. Alihesabu sentimita kumi chini ya kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, akaweka alama ya chaki kwenye miguu yote miwili, akapima. Thelathini na sita. Arobaini.

"Shemeji," alisema, "futi ikidanganya, inadanganya miguu yote miwili sawasawa. Hii tofauti ni ya mguu wako."

Baba ni fundi. Anajua vipimo kuliko sisi wote. Nilimwona akilipima neno hilo kichwani, mara mbili, na kulikosa kasoro.

"Tofauti ikizidi sentimita tatu hatuipuuzi," Sindano aliendelea. "Niambie, unakaa hapo saa ngapi kwa siku?"

Baba alimwambia kuhusu sare, na kuhusu mota, na mguu uliostaafu. Sindano alikipigapiga kigimbi chake mwenyewe.

"Huu ni pampu," alisema. "Moyo unasukuma damu kwenda chini, lakini kuipandisha unahitaji msaada. Ukitembea, au ukikanyaga cherehani, msuli huu unaikamua mishipa na damu inapanda. Ukiukunja chini ya kiti kutwa nzima, damu inatulia. Damu iliyotulia inaweza kuganda."

"Kwa hiyo imeganda?"

"Sijui. Futi haioni ndani. Inaweza kuwa donge la damu, inaweza kuwa kitu kingine. Ndiyo maana tunakwenda hospitali leo."

Mkasi aliuliza, kwa sauti ndogo, kama ni kweli angemdhuru rafiki yake kwa kumkanda. Sindano hakumficha. Alisema donge la damu likikaa mguuni linatibika. Likibanduka na kusafiri, linaweza kuingia kwenye mapafu. Hapo mtu hupungukiwa pumzi ghafla, kifua kinamchoma akivuta hewa, pengine anakohoa damu au anazimia. Mtu wa namna hiyo hasubiri hata dakika, anakimbizwa hospitali. Akamgeukia Baba, akamuuliza kama ameona lolote kati ya hayo. Baba alivuta pumzi ndefu kama anayejaribu shati jipya. Akasema hapana. Mkasi aliichukua chupa yake, akaifunika, akaiweka mbali kabisa, karibu na mlango.

Lakini Baba ni Baba. Alisema zimebaki sare hamsini na tatu. Shule inafunguliwa Jumatatu wiki ijayo. Atamaliza, kisha ataenda hospitali asubuhi na mapema, hatakawia.

"Watoto hamsini na watatu wanasubiri sare," alisema Sindano. "Mmoja anasubiri baba."

Hapo ndipo Baba aliponitazama. Nilikuwa nimeegemea mlango na sikuwa nacheka. Tangu nimezaliwa hajawahi kuniona nimesimama muda mrefu hivyo bila kucheka. Nadhani hilo lilimwogopesha kuliko futi.

"Leta viatu vyangu," aliniambia.

Kiatu cha kushoto hakikuingia. Akaenda na kandambili.

Hospitali walimsikiliza Sindano, wakampima Baba presha na damu. Kisha wakamtuma kwenye kipimo cha picha, kile wanachopimwa mama wajawazito. Tulikaa kwenye benchi refu. Upande wa kushoto wa Baba alikaa mjamzito, na upande wa kulia mjamzito mwingine. Wa kulia alimtazama mara mbili, kisha akamuuliza kwa heshima zote yeye ana miezi mingapi.

"Siku sita," alijibu Baba. Benchi zima likacheka, naye akacheka nao. Mama hakucheka. Alikuwa amemshika mkono wa shati, na unga wake umekauka juu ya vidole.

Baadaye Mama alimnong'oneza Sindano kuhusu miguu yake mwenyewe. Kama wa Baba ni hatari, na yeye je? Sindano alimwambia ya kwake huvimba yote miwili, huvimba akisimama kutwa, na hupungua akilala. Mara nyingi hiyo ni kazi ya kusimama tu. Anyanyue miguu akipumzika, na akiwa mbele ya tanuri apande na kushuka kwa vidole mara kwa mara. Lakini siku ikivimba na asubuhi isipungue, au uso nao ukavimba, au akashindwa kupumua akilala chali, asiseme ni tanuri. Hapo kuna moyo, figo na ini vya kuangaliwa. Zipo hata dawa nyingine, zikiwemo baadhi za presha, zinazovimbisha miguu. Mtu hatakiwi kuziacha mwenyewe, anatakiwa amwambie daktari.

"Kumbe mguu una mambo," alisema Mama.

"Mguu ni mbeya, dada," alisema Sindano. "Unasema siri za viungo vingine."

Baba alipoitwa, tuliingia naye wote. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Alimpaka Baba jeli mguuni, akapitisha kifaa kidogo, akawa anabonyeza na kuachia, anabonyeza na kuachia. Kwenye kioo cha mashine niliona duara jeusi. Daktari alipobonyeza, duara lilifunga kama jicho. Akashuka nyuma ya goti. Akabonyeza. Jicho lile halikufunga.

"Mshipa mzima nikiubonyeza unalala," alieleza. "Huu haulali. Ndani yake kuna donge la damu. Lipo kuanzia hapa kigimbini mpaka nyuma ya goti."

Mama alikaa kwenye kiti ambacho hakikuwa chake. Baba aliuliza kama atakatwa mguu. Aliuliza kwa utulivu, kama mteja anayeuliza nguo itakuwa tayari lini, lakini mkono wake ulikuwa unatafuta futi shingoni, na futi ilikuwa nyumbani.

"Hapana," alisema daktari. "Hukatwi popote. Unakunywa vidonge. Mmewahi."

Neno hilo "mmewahi" nalikumbuka mpaka leo. Ni neno dogo. Mama alilirudia mara tatu, kama anayelionja.

Daktari alieleza taratibu. Dawa hizo huzuia donge lisikue na lingine lisijitengeneze, na mwili wenyewe hulimeng'enya polepole. Atazinywa kwa muda wa miezi mitatu, pengine zaidi, na hataruka hata siku moja. Asijinunulie dawa za maumivu bila kuuliza, maana nyingine zikichanganyika na hizi zinaleta kutokwa damu. Akiona damu kwenye mkojo au choo cheusi, au akigonga kichwa, arudi upesi. Na atembee. Hilo lilimshangaza Baba, kwa sababu alidhani ataambiwa alale. Daktari alisema kila saa moja anyanyuke kitini na atembee kidogo. Akikaa, acheze nyayo juu na chini, na anywe maji.

Baba aliuliza kama mota ndiyo iliyomletea haya. Daktari alisema kukaa muda mrefu bila kusogea huchangia, ingawa si kila anayekaa huganda damu. Wengine hupata baada ya upasuaji, au wakifungwa plasta, au safari ndefu, au wakati wa ujauzito, na wengine sababu haijulikani. "Usiivunje mota," alimwambia. "Wewe simama tu."

Usiku huo huo tulirudi nyumbani. Mkasi alikuwa amekaa kwenye ngazi zetu, hajafungua kibanda chake cha kunyolea tangu tulipoondoka. Aliposikia habari alisimama, akakaa, akasimama tena, akasema kesho atakuja kutia vifungo kwenye sare zote, na kwamba hatatumia mafuta.

Baba aliingia chumba cha mbele. Alizikuta suruali zake mbili juu ya meza, mguu wa kushoto umefumuliwa. Alizikunja moja moja.

"Nilikusingizia," aliniambia.

Nilimwambia hakuna neno, kwani kuna mengine mengi ambayo hakunisingizia na wala hakuyajua. Alicheka. Kisha akaniomba nisimwambie hayo mengine mpaka amalize vidonge.

Siku ya kwanza alijitahidi kusimama kila saa. Siku ya pili alisahau. Anaposhona kola, Baba husahau hata jina lake. Nilimkumbusha, akasema "sasa hivi", na sasa hivi hiyo ikawa saa mbili. Nikaenda kumshtaki kwa Sindano. Sindano alifikiri kidogo, akanitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kutazamwa nalo na mtu mzima.

"Nasikia wewe una kipaji," alisema. "Kitumie. Mimi nakuruhusu."

Nataka ijulikane kwamba yaliyofuata yalikuwa na kibali cha muuguzi. Nilihamisha pasi nikaipeleka jikoni. Uzi mweupe niliuweka juu ya kabati la chumbani, na uzi wa buluu kwa Mkasi. Mkasi wa kukatia niliutundika nje, mlangoni. Chaki niliificha kila siku mahali papya. Baba akitaka kitu, alinyanyuka. Akitaka vitu viwili, alitembea mtaa mzima. Alilalamika asubuhi, mchana na jioni, na kila alipolalamika alikuwa amesimama.

Kila Jumamosi tulipima. Arobaini ikawa thelathini na nane na nusu. Ikawa thelathini na saba. Maumivu yakaisha. Kiatu cha kushoto kikaingia. Sare zikakamilika siku moja kabla ya shule kufunguliwa, kila moja na vifungo vilivyotiwa na kinyozi. Nilivikagua. Vimekaza kuliko vya Baba, lakini hilo hatukumwambia Baba.

Shule yetu ya bweni ilifunguliwa wiki moja baadaye. Baba alinipima mwenyewe, akanishonea sketi mpya ya sare, akaikunja vizuri, akaitia kwenye sanduku langu. Hakuwa na tabasamu lolote. Ningepaswa kushtuka.

Jumatatu asubuhi, kengele ya paredi ikilia, nilivaa sketi hiyo. Haikufunga. Nilivuta pumzi, haikufunga. Wenzangu wa bweni walisema likizo imenipenda.

Likizo ile ilikuwa imenifunza jambo. Kabla ya kuilaumu nguo, nilipima mwili. Niliazima futi ya darasa la ushonaji, nikajizungusha kiunoni. Kiuno changu kilikuwa kilekile. Basi nikaigeuza sketi ndani nje. Mshono ulikuwa umenyooka kama rula, na ulikuwa umeingizwa vidole viwili.

Nilifumua. Ndani ya mshono kulikuwa na karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa Baba.

"Kulia 36. Kushoto 36 na nusu. Leo nimesimama mara kumi na moja. Chaki bado siioni."